Asha na Aisha: jina moja au mawili?

Msomaji mmoja wa Tanga, anayetarajia kujifungua mtoto wa kike, ameniuliza hivi: "Mume wangu anataka mtoto aitwe Asha, jina la mama yake. Wifi yangu anasema tumwite Aisha, kwa kuwa Asha ni Aisha iliyoharibiwa na watu wasiojua kutamka Kiarabu. Jirani yetu anasema Asha ni jina la Kihindi lenye maana ya tumaini. Nami nilipotafuta kwenye intaneti nikakuta imeandikwa kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya uhai. Nani kati yao ana haki? Na je, jina hili halijawa la kizee mno kwa mtoto wa leo?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi. Jina ambalo mumeo anataka kumrithisha mtoto wenu ni Aisha, nalo limekuwa Asha kinywani mwa Waswahili kama vile Umar alivyokuwa Omari na Sayf akawa Sefu, hakuna kilichoharibika. Maana yake ni hiyo ya uhai uliyoikuta kwenye intaneti, ingawa walioandika kwamba ni neno la Kiswahili wameruka hatua moja kubwa. Jirani yako naye hakukudanganya, kwani lipo kweli jina la Kihindi la Asha lenye maana ya tumaini, isipokuwa hilo ni jina jingine kabisa lililokutana na hili letu kwa sauti tu.

Katika Kiarabu, Aisha hutokana na mzizi wa herufi tatu, ain, ya na shini, ambao ndio unaobeba habari zote za kuishi. Umbo lake ni la mtendaji wa kike, kwa hiyo ukilifasiri unapata "mwanamke anayeishi" au "aliye hai". Mzazi wa zamani aliyempa bintiye jina hilo hakuwa anaeleza tu jambo analoliona, maana kila mtoto anayepewa jina yu hai; alikuwa anaomba. Nyakati ambazo watoto wengi walizikwa kabla hata ya kuachishwa ziwa, kumwita mtoto "mwenye kuishi" ilikuwa dua iliyorudiwa kila alipoitwa kula au alipotumwa kisimani. Kwa upande wa wanaume dua hiyo hiyo imo katika jina Yahya, ambalo sisi tunalitamka Yahaya, na ambalo kwa Kiarabu, ingawa mzizi wake ni mwingine, linasomeka "anaishi".

Wazo hili halikuwa geni kwa watu wa pwani. Mwana Kupona binti Msham, mshairi aliyemtungia bintiye utenzi wa nasaha mwaka 1858, alikuwa na jina la Kibantu lenye dua hiyo hiyo. Leo tunasema mgonjwa amepona, lakini katika Kiswahili cha kale kupona ni pia kusalimika, kuokoka na kubaki hai pale ambapo wengine wameondoka. Ukiliweka jina Kupona kando ya Aisha unaona wazazi wawili wa lugha mbili wakiomba jambo moja. Huwa nawakumbusha hili wale wanaodhani kwamba majina ya Kiarabu yaliwakuta Waswahili hawana majina yenye maana. Yaliwakuta na majina yao, na mara nyingi yakakaa nayo bega kwa bega katika nyumba moja.

Mzizi huo wa Kiarabu umetupa zaidi ya jina la mtu. Kitenzi chetu kuishi kimetoka hapo. Neno aushi, ambalo wazee bado wanalitumia kwa maana ya maisha au umri wa mtu, nalo ni la ukoo huo. Na neno maisha lenyewe ni Kiarabu maisha, lenye irabu ndefu katikati, ambalo Waswahili walipolisikia likianza na ma- walilipokea kama nomino iliyokuwa tayari katika ngeli ya maji na mafuta, ndiyo maana tunasema maisha haya, maisha marefu, maisha yamepanda. Kwa hiyo ukitamka "Asha ana maisha marefu" umetaja mzizi mmoja mara mbili bila kukusudia. Hii ndiyo hatua ambayo tovuti za majina huiruka. Neno asha peke yake, kama neno la kawaida, halina maana ya uhai katika Kiswahili. Hakuna Mswahili anayesema "asha yangu" akikusudia maisha yake. Uhai umo ndani ya jina kwa sababu ya Kiarabu, na Mswahili anausikia kwa mbali kwa sababu ana maisha na kuishi mdomoni mwake kila siku.

Hapa niondoe hofu moja ambayo nimeisikia kwa wazazi zaidi ya mmoja, kwamba Aisha linafanana mno na kuisha, na kwa hiyo ni jina la kitu kinachokwisha. Kitenzi kwisha ni cha Kibantu na hakina udugu wowote na jina hili. Sala ya Isha nayo imetoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu, unaohusu giza la jioni. Sauti zimekaribiana tu. Mtoto wako hataisha kwa kuitwa Aisha.

Sasa nije kwa wifi yako, kwa sababu hoja yake ndiyo inayorudiwa sana na ndiyo inayowaumiza wazee wetu bila haki. Anasema Asha ni kosa la matamshi. Kosa ni jambo linalomtokea mtu mmoja na kumwepuka mwenzake, lakini kinachotokea kwa maneno yote ya aina moja, kwa watu wote wa lugha moja, kwa karne nyingi, ni kanuni. Kiswahili hakina sauti ya ain, inayotamkwa ndani ya koo, kwa hiyo ain imeanguka katika Aisha kama ilivyoanguka katika Ali, Omari, Athumani na Idi, na sijasikia mtu akimwambia baba yake Omari kwamba jina lake limeharibika. Kisha kuna hamza, yaani mkato mdogo wa sauti kooni, na irabu fupi ya i iliyo katikati ya jina. Waarabu wenyewe katika mazungumzo ya kila siku huilainisha hamza hiyo ikawa kama ya, na wengi wao husema Aysha. Kutoka hapo njia zilikuwa mbili. Waliolisikia likiwa na mfuatano wa ay waliugeuza kuwa e, kama walivyofanya kwa khayr ikawa heri, kwa shaykh ikawa shehe na kwa Sayf ikawa Sefu, na ndiyo sababu Mombasa na Lamu unawakuta akina Esha na Eshe. Walioshika ile a ndefu ya mwanzo na kuiacha i fupi imezwe walipata Asha.

Ushahidi ulio mzito kuliko yote unatoka kwa majirani zetu Wasomali. Kisomali kina sauti ya ain, na katika maandishi yao ya leo huiandika kwa herufi C. Hawakosi chochote cha kulitamkia jina hili kama Mwarabu, lakini mamilioni ya Wasomali husema na kuandika Caasha, yaani wameihifadhi ain kikamilifu na wameiacha i vile vile tulivyoiacha sisi. Asha Hagi Elmi, mwanaharakati wa amani wa Somalia aliyepata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2008, ana jina lile lile la mama mkwe wako. Kama kudondosha i ni dalili ya kutojua Kiarabu, basi itabidi tuwaambie hivyo Wasomali, ambao wana vyuo vya Kurani katika kila kijiji. Ukienda mbali zaidi, Waturuki husema Ayşe, na katika Afrika Magharibi utamkuta Aïssatou wa Senegali na Guinea pamoja na A'ishatu wa Wahausa, ambao wameihifadhi ile t ya mwisho ambayo Waarabu wenyewe hawaitamki wanapolitaja jina peke yake. Kila taifa limelipitisha jina kwenye koo lake.

Nakumbuka asubuhi moja nilipokaa kwenye mkeka katika chuo kimoja cha Kurani pwani ya kaskazini, mwalimu akiwafundisha wasichana kuandika majina yao kwa herufi za Kiarabu. Aliandika ubaoni ain, alifu, hamza, shini na ta ya mviringo, kisha akauliza ni jina la nani. Walisimama wanne kwa pamoja. Wa kwanza nyumbani wanamwita Asha, wa pili Esha, wa tatu Mwanaisha, na wa nne Aisha kama lilivyo kitabuni. Mwalimu hakumsahihisha hata mmoja. Aliwapa chaki kwa zamu, kila mmoja akaandika chini ya maandishi yake, na ubao ukajaa jina moja mara tano. Wifi yako angekuwapo nadhani angeridhika, kwa sababu jina la mtoto wenu likiandikwa kwa Kiarabu litakuwa hilo hilo, muwe mmechagua Asha au Aisha.

Kuhusu Mwanaisha niongeze kidogo, kwa sababu huenda hamjalifikiria na linapendeza. Mwana hapa si mtoto. Ni cheo cha heshima cha mwanamke katika Kiswahili cha zamani, kwa maana ya bibi au bimkubwa, ndicho kilichomo katika jina la Mwana Kupona na la bintiye Mwana Hashima. Mwanaisha ni "Bibi Aisha", na pwani ya Kenya limeendelea kuvutwa na kufupishwa hadi kukawa na Mwanaesha na Mwanasha. Vivyo hivyo tuna Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi na Mwanahawa. Familia inayotaka jina lenye sura ya Kiswahili kabisa na bado iwe imemtaja Bi Aisha, haina haja ya kutafuta mbali.

Na huyo Bi Aisha ndiye sababu ya jina kuenea kote huku, kwa sababu uzuri wa maana peke yake usingetosha. Aisha binti Abubakari, mke wa Mtume Muhammad, alifariki Madina mwaka 58 wa Hijria, sawa na 678 wa Miladia, akazikwa katika makaburi ya Baqii. Wanazuoni wanahesabu hadithi 2,210 za Mtume zilizopokewa kutoka kwake, idadi inayomweka miongoni mwa wapokezi wakubwa wachache, na masahaba walikuwa wakimwendea kumuuliza mambo ya mirathi na ya ibada. Jina lake halikutajwa ndani ya Kurani, kwani mwanamke pekee aliyetajwa humo kwa jina lake ni Mariamu, lakini aya za Suratun Nur zilizomtakasa na uzushi zinamhusu yeye, na kila anayezisoma anamkumbuka. Huku kwetu, ambako maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanaonyesha mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, jina la mke wa Mtume limekuwa na muda mrefu sana wa kuota mizizi. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shia jina hili ni nadra kwa sababu za kihistoria, na kama katika ukoo wenu wamo, ni vizuri kulizungumza mapema kwa upole.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo kila nikilisimulia pwani wasikilizaji hutabasamu, maana wanajiona humo. Bi Aisha hakujaaliwa mtoto, na Waarabu kama sisi humwita mtu mzima kwa jina la mwanawe. Mtume akampa jina la Ummu Abdillah, Mama Abdalla, kwa mtoto wa dada yake Asma. Mswahili hahitaji kufafanuliwa hilo: mtoto wa dada yako ni mwanao, nawe ni mama yake mdogo au mama yake mkubwa.

Sasa jirani yako. Katika Kisanskriti, na kutoka huko katika Kihindi na lugha nyingi za India, asha ni neno la kawaida lenye maana ya tumaini au matamanio, na ni jina la wanawake wa Kihindu tangu zamani. Mwimbaji Asha Bhosle, aliyezaliwa mwaka 1933, ndiye anayejulikana zaidi huku kwetu kwa sababu ya sinema za Kihindi. Majina hayo mawili hayana uhusiano, kwa kuwa moja limetoka katika lugha ya Kisemiti na jingine katika lugha za ukoo wa Kihindi na Kiulaya. Hata Waislamu wa India, wanapomkusudia mke wa Mtume, huandika Ayesha au Aysha na wala si Asha. Mtu akimuuliza binti yako ukubwani kama jina lake ni tumaini, anaweza kumjibu kwamba yupo Asha wa tumaini na yupo Asha wa uhai, na yeye ni wa pili.

Lebo ya "Kiswahili" uliyoikuta kwenye intaneti nayo ina historia ya kweli. Kuanzia miaka ya 1960, Wamarekani Weusi wengi walitafuta majina ya Kiafrika kwa ajili ya watoto wao, na Kiswahili kilikuwa lugha waliyoipenda kuliko nyingine. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, inatumia maneno yetu kama umoja, nia na imani. Orodha za majina zilizotungwa wakati huo zilichukua Aisha, Asha na Eshe zikayaandikia yote "Kiswahili, uhai", na orodha za leo zinanakiliana. Mwaka 1975 mwanamuziki Stevie Wonder alimpa bintiye jina Aisha, na katika wimbo aliomtungia mwaka uliofuata akaitaja maana hiyo ya uhai, basi jina likasikika katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na habari za Uarabuni wala za Tanga.

Umeuliza kama ni la kizee. Nitakujibu kwa ninachokiona, kwa kuwa mizani ya jambo hili ni masikio. Asha lilienea sana kwa mabibi na mama zetu, hadi likawa jina la mifano ya sarufi darasani: Juma anacheza mpira, Asha anafagia uwanja. Jina linalofika huko limeshakuwa la watu wote. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania na kisha Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kati ya 2007 na 2012, analo hilo hilo, limeunganishwa na Rose kwa kistari, jambo linaloonyesha lilivyovuka mipaka ya msikiti na kanisa. Siku hizi wazazi vijana wa mijini wanaelekea zaidi kwenye Aisha kamili, au Aysha kwa tahajia ya kigeni, na hiyo ndiyo inayofanya Asha lisikike kama la bibi. Kwangu mimi hiyo ni sifa. Mtoto wenu atakuwa na jina fupi, lisilohitaji kufupishwa, ambalo hakuna karani wa Afrika Mashariki atakayemwambia alitaje herufi kwa herufi, na darasani huenda akawa Asha peke yake kati ya Aisha watatu.

Sikiliza pia mdundo, kwa kuwa utaliita jina hili mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Aisha lina silabi tatu, kwa hiyo mkazo unaangukia i: a-I-sha. Asha lina mbili, na mkazo uko mwanzoni: A-sha. Simama mlangoni jioni, jaribu yote mawili kwa sauti ya kumwita mtoto aliye uwanjani kwa jirani, ukivuta ile ya mwisho, kisha uone ulimi wako unapenda lipi. Ni kipimo cha kweli kuliko orodha yoyote.

Jambo ambalo nakusihi kwa nguvu ni la maandishi. Chagueni umbo moja na lishikeni kuanzia kadi ya kliniki hadi cheti cha kuzaliwa, shuleni, kitambulisho na pasipoti. Nimemsaidia binti mmoja ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilisema Asha, cha kidato cha nne Aisha, na kadi ya bima Aysha. Alitumia miezi kadhaa na hati mbili za kiapo kuthibitisha kwamba hao watatu ni yeye, na nafasi ya masomo aliyokuwa ameipata ilikaribia kumpita. Aliyeandika cheti cha shule hakuwa na nia mbaya. Alidhani, kama wifi yako, kwamba anamsahihishia jina. Kwa hiyo siku ya kuandikisha, mmoja wenu aende na jina limeandikwa kwenye karatasi, na asiondoke dirishani kabla ya kulisoma lilivyoingizwa.

Nami nikiulizwa ushauri, ningeandika Asha, kwa sababu ndilo jina la mama mkwe wako, na mtoto anaitwa kwa ajili yake. Mkimwandika Aisha bado mtakuwa mmemkusudia, lakini bibi aliyeitwa Asha tangu utotoni mwake anaweza kulisikia kama jina la mtu mwingine, hasa akijua kwamba limesahihishwa. Ushindani wenyewe utapoa haraka mtoto akishazaliwa. Wewe mwenyewe, kwa heshima ya mavyaa, huenda ukaona vigumu kulitaja jina lake mchana kutwa ukimkemea mtoto, na wakwe wengi katika hali hiyo huishia kumwita mtoto "Bibi" au "Mama" mpaka anakua. Na bibi yake hatamwita Asha wala Aisha. Atampakata siku ya saba, siku ya akika, na kumwita kwa neno ambalo Waswahili wanalo kwa watu wawili wenye jina moja: somo yangu.